Uzito Juu ya Boriti

Masuma hakuwa mwanamke wa kushindwa na mtu, sembuse kushindwa na dari. Wauza samaki wa Darajani walimjua, mafundi cherehani walimjua, na marehemu mumewe Shabbir, Mwenyezi Mungu amrehemu, alimjua kuliko wote. Kwa hiyo siku ile mwishoni mwa vuli, lilipodondoka bonge la chokaa kutoka darini likatua katikati ya kitanda chake, mara tu baada ya yeye kuinuka kwenda kusali alfajiri, hakulia wala hakupiga ukelele. Alilitazama lile bonge lililolalia mto wake akaliambia, "Huna adabu." Kisha akakaa chini palepale na rida yake, lile vazi lake la kujisitiri mwili mzima.

Nyumba yenyewe ni ya mawe na chokaa, ya kale, iko Kiponda katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Ukuta wa upande wa kichochoroni ulikuwa umeanza kutoa kitambi. Masuma alikuwa akiuona kila siku, na kila siku akijiambia kuwa ulizaliwa hivyo. Bonge lile halikumwachia tena nafasi ya kujidanganya. Tasneem, binti yake wa pekee, alikuja mbio kutoka Mtoni anakokaa na mumewe, akapanda ngazi, akaangalia kitanda, akaangalia tundu la darini, akashika kichwa.

"Mama, leo unakuja kwangu."

"Siendi."

"Mama!"

"Nshasema siendi. Nimeingia nyumba hii kwa ndoa, nitatoka kwa jeneza."

"Na jeneza si hili hapa limelala kitandani? Hulioni?"

Walivutana mpaka chai ikapoa, na mwisho wakafikia makubaliano. Dari lile litabomolewa na kuwekwa paa jipya ambalo ukuta unaweza kulibeba, na kazi iwe imekwisha kabla ya masika. Masika yakiingia na nyumba bado ina kitambi kinachokua, Masuma atahamia Mtoni, na yule bwana wa hoteli ambaye kila mwaka huja kubisha hodi na tabasamu lake atapewa ufunguo. Masuma alikubali kwa shingo upande. Alikwishamzika Shabbir mara moja, na kutoka katika nyumba ile kwake kulikuwa ni kumzika mara ya pili.

Haya, hapa lazima tuseme kidogo juu ya madari ya Mji Mkongwe, la sivyo mtu atamwona Masuma mwendawazimu. Dari la nyumba kama ile ni bapa. Chini hulazwa boriti za mikoko, juu ya boriti mawe, na juu ya mawe chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana. Likivuja, na halikosi kuvuja, watu wa mji wana dawa moja tu, nayo ni kuongeza. Baba huongeza chokaa, mtoto akaongeza saruji, mjukuu akaongeza saruji juu ya saruji. Hapana anayetoa. Anayetoa huonekana kama anamtia ila aliyemtangulia, na nani anataka jina hilo?

Shabbir alikuwa bingwa wa kuongeza. Kila Shaaban, kabla ya mfungo, alipanda juu na karai lake na mwiko wake, akaivua kofia yake ya uzi wa dhahabu isichafuke, akapaka tabaka jipya kwa mikono yake mwenyewe. Fundi hakumruhusu hata kumsogezea ndoo. Akishuka, saruji imemjaa mpaka kwenye kope, humwambia mkewe, "Mwaka huu tone halikupati." Na kweli mwaka ule tone halikumpata. Mwaka wa pili likampata, naye akapanda tena. Mtaa mzima ulimsifu. Dari la Shabbir, walisema, hata tembo angelala.

Ndiyo maana Himid alipokuja, Masuma alikuwa na jibu lake tayari mdomoni. Himid ni mhandisi, kijana wa Matemwe, mpole, mwenye tabia ya kugusa kuta kwa kiganja kama daktari anayempima mtoto homa. Alikuja na Gharib, fundi mkuu wake, mtu wa Tumbatu mwenye mabega ya kubeba jahazi.

"Shikamoo, Bi Masuma," walisema wote wawili.

"Marahaba. Nnataka zege. Nene, lenye nondo. Nyumba yangu ya mawe, siwezi kuivisha kitu cha kupepea."

Himid hakubishana naye. Aliomba ruhusa moja tu, atoboe tundu kule juu aone kuna nini. Masuma akaona hilo halina madhara. Acha atoboe, aone mwenyewe kazi ya wanaume.

Wakapanda wote wanne, Tasneem akimshika mama yake kiwiko na mama yake akikiondoa. Gharib akachora mduara wa ukubwa wa sinia, akapiga magoti, akashika tindo na nyundo. Alipiga weee. Saruji ikaisha, ikaja chokaa. Chokaa ikaisha, ikaja tena saruji. Gharib akafuta jasho, akamtazama Himid, akaendelea. Tundu likawa refu mpaka ikambidi alale kifudifudi ili tindo ifike chini. Masuma, aliyekuwa amesimama mikono kiunoni, alianza kuiteremsha ile mikono pole pole.

"Njoo utazame, Mama," Tasneem akanong'ona.

Masuma akapiga magoti. Lahaula! Ubavuni mwa lile tundu matabaka yalikuwa yamepangana kama chapati ndani ya sufuria, moja juu ya jingine, kila moja na rangi yake. Ya juu yote ya kijivu yalikuwa ya Shabbir, aliyajua. Katikati yake akaona vipande vya buluu na vyeupe vinameremeta, na moyo ukamruka. Zilikuwa sahani zake za harusi. Tasneem akiwa mdogo aliangusha kabati zima, na Shabbir akavikusanya vile vigae, akavichanganya na saruji ya mwaka ule ili mkewe asiendelee kuvitazama na kulia. Alikuwa amesahau kabisa. Chini ya hapo kulikuwa na chokaa yenye rangi ya nili, naye akacheka peke yake, maana baba mkwe wake alikuwa haoni raha mpaka atie nili katika kila kitu, chokaa na kanzu. Chini zaidi kulikuwa na watu asiowajua.

"Hii ya mwisho si ya kupakwa," Gharib akasema, sauti yake imeshuka kama yuko msikitini. "Hii imepigwa. Wanawake walikaa mstari, kila mmoja na mti wake, wakapiga na kuimba mpaka chokaa ikang'aa. Bibi yangu alikuwa akivuka kutoka Tumbatu kuja kupiga madari ya mjini. Gusa, Bi Masuma, utaisikia miti yao."

Masuma akaingiza mkono. Ulizama mpaka kiwiko, ukazama mpaka begani, shavu lake likalala juu ya saruji ya mumewe. Vidole vikakuta uso laini uliojaa vishimo vidogo vidogo, kama vya vijiko kwenye halua. Mbele kidogo vikaikuta boriti. Ilikuwa ngumu, baridi, na imebonyea katikati kama mgongo wa hamali. Akabaki hivyo, mkono wote umo ndani ya nyumba. Maisha yake yote alikuwa amelala chini ya watu wale wote, wanaume kwa wanawake, wa msikiti wake na wasio wa msikiti wake, na hakujua.

"Subhanallah," alisema hatimaye. "Mti umebeba mzigo wote huu, na haukuwahi kulia."

"Umelia, Bi Masuma," Himid akajibu taratibu. "Lile bonge la kitandani ndiyo sauti yake. Matabaka haya yana tabia ya kunywa maji. Mvua ya masika ikinyesha yanashiba, yanazidi kuwa mazito, yanaukandamiza ukuta. Kila tabaka lililoongezwa kuzuia tone liliongeza uzito. Ukiniambia nitie zege juu ya hapa, sitakubali, hata unifukuze."

Masuma akautoa mkono. Ulikuwa mweupe mpaka begani. Aliona uchungu, na aliona haya kwa niaba ya Shabbir, na alimpenda Shabbir pale juu ya dari kuliko siku aliyoolewa naye. Yale mapenzi yake yote ya kila Shaaban ndiyo yaliyokuwa yakimshukia kichwani. Akajifuta macho kwa ncha ya rida, akaacha mstari wa chokaa shavuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Haya," akasema. "Nileteeni hayo mapaa mepesi niyaone."

Wakamletea sampuli, zikaegeshwa ukutani uani. Masuma akazikabili kama anavyokabili sufuria dukani. Alizigonga kwa konzi, akazimwagia maji, nyingine akainusa. Kigae cha udongo alikipenda kwa rangi, lakini Himid akatikisa kichwa, kizito bado. Bati la chuma alilikataa mwenyewe kwa sababu hewa ya bahari ingelila kama mchwa. Tasneem, kwa utani, akataja makuti.

"Makuti Kiponda? Jirani akiunguza mandazi tu, sote tushakuwa jivu!"

Likabaki moja, bati la alumini, refu, limejikunja migongo midogo midogo. Masuma alilitazama kwa jicho la pembeni. Bati, kwa fikra zake, ni kitu cha banda. Na kama vile shetani alikuwa akisikiliza, Natwarlal, jirani yake muuza viungo, akachungulia kutoka dirishani kwake juu.

"Bi Masuma! Umeamua kufuga kuku?"

"Nafuga, Natubhai! Teremka nikuuzie mayai!" akamjibu, ilhali anajua fika Natwarlal kwa dini yake haligusi yai hata kwa kidole. Dirisha likafungwa kwa kicheko.

"Linyanyue, Mama," Tasneem akamwambia.

Masuma akajipanga. Akaipandisha rida, akatanua miguu, akakunja mgongo kama mtu anayenyanyua gunia la mchele, akavuta kwa nguvu zake zote. Bati likaruka! Liliruka juu kama limeitwa, likamkosa Gharib kidevu kwa unywele, na Masuma akabaki amesimama limo juu ya kichwa chake, mikono miwili imelishika, macho yamemtoka.

"Hili?" akauliza. "Hili ndilo paa?"

"Ndilo."

"La nyumba nzima hii?"

"La nyumba nzima, pamoja na mbao zake," Himid akasema. "Lote kwa jumla halifikii uzito wa tabaka moja la marehemu."

Masuma akaanza kutembea nalo uani, taratibu, kivuli chake kikitembea naye. Alifika kwenye kisima cha zamani, akageuka, akafika kwenye ngazi, akageuka. Mwanamke wa umri wake, mwenye magoti yanayolalamika akipanda kitanda, alikuwa amebeba paa lake mwenyewe na halimuumizi popote. Gharib akataka kumpokea, akamkatalia kwa kichwa. Aliendelea kuzunguka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa jambo ambalo mpaka jana angelibishia.

"Upepo je?" akauliza, maana hakuwa mjinga.

"Tutalifunga kwa boriti, na boriti kwa ukuta. Upepo ukilitaka itabidi uichukue nyumba yote."

"Basi lifungeni," akasema.

Wakubwa wanaoangalia majumba ya kale walitoa ruhusa, kwa sharti kwamba bati lilazwe nyuma ya ukingo lisionekane kutoka chini, na kazi ikaanza. Watu wa Gharib wakaegemeza miti ya kuushikilia ukuta, wakapanda na mitaimbo. Makarai yakaanza kuteremka kwa kamba na kapi, yakimiminwa kwenye magari ya hamali, na kichochoro kizima kikawa cheupe kama kimepata msiba. Masuma alikaa kwenye baraza ya Natwarlal, ambaye sasa alikuwa amenyamaza na anamletea chai. Kila karai lilipopita alilitazama. La kijivu lilipopita alishika kifua. Lilipopita karai lenye vigae vya buluu alinyanyuka akataka kulisimamisha, akaweka mkono juu ya bonge lenye vigae hivyo ajaribu kulichukua. Halikutikisika hata kidogo. Alilipapasa, kisha akawaambia wale vijana wa gari waende nalo.

Matabaka ya Shabbir yalipokwisha yote, Himid alitoka mlangoni amejaa vumbi, akamwita aje juu. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Masuma akadhani ukuta umeanguka, akapanda zile ngazi bila ya kukumbuka magoti, Tasneem nyuma yake.

Himid alikuwa amesimama mbele ya chumba cha kulala, na mlango wa chumba ulikuwa unacheza. Upepo wa kichochoroni ukivuma unafunguka, upepo ukitua unajifunga, wenyewe, kimya, kama unapumua. Juu yake, kati ya mbao na kizingiti, palikuwa na uwazi wa kupita vidole viwili.

"Bi Masuma," Himid akauliza, "mlango huu nani alikuwa akiukata?"

"Shabbir. Kila mwaka ulikuwa unakwama, hauendi mbele wala nyuma. Akisema mbao za siku hizi zinavimba. Kila Shawwal, Idi ikimalizika, anautoa, anaupiga randa juu, anaurudisha."

"Kila Shawwal?"

"Kila Shawwal." Na neno likamkatikia mdomoni.

Maana hapo ndipo alipoiona hesabu yote. Shaaban mtu anapanda juu kuongeza, Shawwal mtu yuleyule anapiga randa chini, na baina ya miezi hiyo anafunga Ramadhani yake, anafuturu kwenye nyumba inayoshuka juu yake kwa unene wa kucha, wala haimpitikii kwamba mlango na dari wanasemeshana. Maisha mazima! Na mtaa mzima unamsifu kwa yote mawili.

Tasneem akapitisha vidole kwenye ule uwazi, akavirudisha, akavipitisha tena. "Mama," akasema, machozi yanamtoka, "nyumba imeinuka."

"Imeinuka," Himid akasema, na huyo mhandisi aliyesoma mpaka akamaliza alikuwa akiutazama ule mlango kama mtoto anayetazama mazingaombwe. "Zile boriti zinanyooka. Nilijua zitanyooka kidogo. Sikujua kama zitanyooka hivi. Miaka yote hiyo, na bado zilikuwa zinataka kusimama."

Masuma akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, na hakujua azuie kipi. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Nyumba nzima ilikuwa ikitoa milio midogo midogo, huku na kule, kama mtu anayenyoosha viungo baada ya safari ndefu.

Paa likakamilika mawingu yakiwa yameshaanza kukusanyika. Lakini mkataba na Tasneem ulikuwa haujakwisha. Himid alikuwa ameshawaambia bayana kwamba ukuta ule umechoka, na kwamba mvua kubwa ya kwanza ndiyo itakayosema. Ukitulia, umetulia. Ukisogea, hata kidogo, hakuna kukaa mle ndani. Tasneem alimsihi mama yake angalau asubiri Mtoni mvua hiyo ipite. Unajua alijibiwa nini.

Mvua ilikuja asubuhi, jua limeshachomoza kisha likajificha. Masuma alikuwa kitandani akivuta tasbihi, akasikia kitu juu kama Natwarlal anamwaga mchele. Akakunja uso. Mchele ukaongezeka. Ukawa magunia, ukawa ghala zima, ukawa ngurumo moja isiyokatika juu ya kichwa chake, na Masuma akaketi ghafla, tasbihi imemponyoka.

Ilikuwa mvua. Tangu alipoletwa bibi harusi katika chumba kile hakuwahi kuisikia mvua. Dari lile lilikuwa nene kiasi kwamba masika yote ya ndoa yake yalipita juu yake kimya, na yeye aliyajua kwa tone tu, tone linaloanguka kwenye shuka, kisha Shabbir anaruka kutafuta beseni. Sasa aliisikia ikija kutoka upande wa bandarini, ikipita juu yake, ikienda Darajani, ikirudi. Aliweza kusikia inapozidi na inapopungua. Vinyweleo vilimsimama mwili mzima. Akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuinywa.

Simu ikalia. Alikuwa Tasneem, anapiga kelele.

"Mama! Toka nje! Huku Mtoni inanyesha vibaya!"

"Sikusikii, mwanangu! Mvua!"

"Ukuta, Mama! Ukuta ukoje?"

Masuma akateremka kitandani bila ya viatu, akaenda kwenye ule ukuta wenye kitambi. Aliogopa kuugusa. Akaweka kiganja, kama alivyomwona Himid akifanya, kisha akaweka na kiganja cha pili, kisha akaweka shavu. Mvua ilikuwa ikipiga juu kwa nguvu zake zote, na ukuta ulikuwa mkavu, na ukuta haukutikisika.

"Umetulia," akasema kwenye simu. Kisha akapaza sauti, analia, "Umetulia, Tasneem! Sihami!"

Akaizima simu. Akarudi kitandani, akalala chali upande wake, akanyoosha mkono upande wa pili, palipo patupu, akapapiga taratibu mara kadhaa kama anavyopigwa mtu aliyeshtuka usingizini.

"Lala, Shabbir," akamwambia. "Inanyesha, lakini wewe lala. Leo huna kazi."